Siku 15 ni Mpaka wa Ibada, si Kipimo cha Afya

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Katika nyumba zetu, yanapotajwa maradhi ya wanawake, sauti hushuka. Mama hutokwa na damu siku kumi au kumi na mbili kila mwezi, hushikwa na kizunguzungu anapoinuka kutoka sijida, naye husema ni mambo ya kike tu. Wiki hii tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (RA), kwamba Fatima bint Abi Hubaish alimwendea Mtume (SAW), akamweleza kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache Swala. Mtume (SAW) hakumkemea. Alimfahamisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi; siku zake za hedhi zikipita, aoge na aswali. Haya haikumzuia kuuliza, na jibu alilopewa linawafaa wanawake wa umma huu hadi leo.

Damu hiyo ndiyo istihadha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, hedhi haizidi siku 15. Hapa dada zetu wengi hukosea: huona kuwa maadamu siku hizo hazijapita, wao ni wazima. Mpaka ule ni wa ibada. Kwa upande wa afya, hedhi inayozidi wiki moja, au yenye mabonge makubwa, yatosha kumpeleka mwanamke hospitali.

Sababu mojawapo kubwa ni uvimbe wa kizazi, maarufu kwa jina la fibroidi. Huota katika misuli ya mfuko wa uzazi na hukuzwa na homoni za kike. Wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema. Ni nadra sana kuwa saratani, na wengine hawahisi lolote. Lakini wapo wanaopata maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara, mimba kuharibika au kutoshika, na upungufu wa damu unaoweza kuhatarisha maisha.

La kusikitisha, mke wa namna hii huambiwa ana jini mahaba, akazungushwa kwa waganga. Au mume hutaja talaka kabla ya kipimo kimoja. Kipimo chenyewe ni picha ya ultrasaundi. Uvimbe usiosumbua huachwa ukaangaliwa. Zipo dawa za kupunguza damu, na vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha damu iliyopotea. Upo upasuaji wa kutoa uvimbe na kubakisha kizazi kwa anayetaka kuzaa; na pale inapobidi, kizazi chenyewe huondolewa. Hedhi ikikoma kwa umri, aghalabu uvimbe husinyaa. Lakini damu inayotoka baada ya hapo isidharauliwe kamwe.

Kwa ajili ya sitara, atafutwe daktari wa kike. Akikosekana, dharura inamruhusu wa kiume kwa kadiri ya haja.

Tunawausia akina baba: muulizeni mkeo na binti yako hali zao, na mfuatane nao hospitali. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Kuitafuta ni juu yetu, na shifaa hutoka kwa Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.