Vidonge vya kupunguza uzito: ijue asidi ya usniki kabla ya kumeza

Kama ulitokea upande wa Rwenzori au Virunga, huenda umeziona: nyuzi za kijani-manjano zinazoning'inia kwenye miti ya mlimani kama ndevu za mzee. Si majani ya mti huo. Huitwa kuvumwani, kwa sababu ni kuvu na mwani vilivyoungana vikaishi kama kiumbe kimoja. Rangi ile ya manjano hutokana na kemikali iitwayo asidi ya usniki, ambayo kuvumwani hujitengenezea na humsaidia kujikinga na jua kali.

Kemikali hiyo ilitambuliwa na wanasayansi mwaka 1844. Kweli ina nguvu ya kuua baadhi ya bakteria, wakiwemo wanaoleta majipu, ndiyo maana imewahi kutiwa kwenye krimu na dawa za meno. Shida huanza inapomezwa.

Ndani ya mwili, chakula huchomwa ili kutupatia nguvu. Asidi ya usniki huvuruga kazi hiyo: chakula kinaungua, joto linatoka, lakini nguvu inakuwa kidogo. Ni kama jiko lililopasuka: makaa yanaisha na maharage hayajaiva. Wafanyabiashara waliona hapo njia ya kupunguza unene, wakaitia kwenye vidonge. Lakini ini ndilo linalochuja tunavyomeza, na ndilo lililoumia.

Novemba 2001, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu waache kutumia vidonge vya LipoKinetix, vilivyokuwa na asidi hiyo pamoja na vitu vingine, baada ya watumiaji kuharibika ini. Madaktari wa huko waliandika pia kuhusu mwanamke kijana aliyetumia asidi ya usniki peke yake kwa wiki mbili tu. Ini lake lilishindwa kazi, ikabidi abadilishiwe. Upasuaji wa namna hiyo hutaupata kwenye kituo chetu cha afya.

"Lakini ni dawa ya asili," tunaambiwa mara nyingi. Mihogo michungu nayo ni ya asili, na akina mama wanaoipika wanajua kwa nini huilowekwa kwanza. Hii, hata hivyo, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kuiloweka hakuiondoi. Kidonge nacho hubeba kiasi kilichokusanywa pamoja, kingi kuliko kile kinachotoka kwenye nyuzi chache zilizochemshwa.

Ukiuziwa vidonge au unga wa kupunguza uzito sokoni au kwa simu, soma kibandiko. Ukiona "usnic acid", "sodium usniate" au "usnea", usimeze. Kisipokuwa na kibandiko, usinunue.

Kama umeshatumia na unahisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au macho yamekuwa ya manjano, acha mara moja na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Beba kopo au pakiti yake. Usione aibu kusema ulichotumia: dalili hizi hufanana na za homa ya ini inayoletwa na virusi, na bila kuambiwa, mhudumu anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Na wewe unayekata kuni: vipele vya kuwasha mikononi na usoni vinaweza kuwa mzio wa kuvumwani aliye kwenye magome. Vaa nguo ya mikono mirefu, na unawe kwa sabuni ukirudi.