Mvua Imebadilika: Namna ya Kuzungumza na Watu Kuhusu Hali ya Hewa



Miaka michache iliyopita tulialikwa kuzungumza na familia zilizokimbia vita, katika kambi moja pembeni ya Goma. Tulifikiri tumejitayarisha vizuri. Tulibeba mabango yenye picha za barafu inayoyeyuka, tukaeleza kwa saa nzima juu ya "mabadiliko ya tabianchi". Watu walitusikiliza kwa adabu. Mwishoni mama mmoja alisimama, akatushukuru, kisha akauliza: "Wanangu, huyo Tabianchi ni nani? Ndiye aliyetufukuza Masisi?"

Watu walicheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini tuliporudi ofisini tulijiuliza swali lake tena. Mama yule alikuwa ametuonyesha makosa mawili kwa mara moja. Tulitumia neno ambalo watu wa Goma hawalitumii, na tulizungumza juu ya hewa na mvua kana kwamba vita havipo. Makala hii inaeleza tuliyojifunza tangu siku ile. Tunaiandika kwa ajili ya familia zilizohama na kwa viongozi wao: wakuu wa vijiji, viongozi wa bloku, wachungaji, maimamu, walimu na mama wa vikundi.

Kwa nini maneno ni kazi ya amani

Sisi wa Goma tunajua thamani ya habari njema na madhara ya habari mbovu. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ulilipuka bila watu kupewa onyo. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda Sake, Rutshuru, Rwanda, na wengine kwa boti hadi Bukavu. Njiani uvumi ulikimbia kuliko habari. Wengine walisema ziwa litalipuka usiku ule ule, wengine walisema maji yote yana sumu. Watoto wengi walitengana na wazazi wao katika msongamano ule.

Kabla ya hapo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini. Wakati huo pia tuliona jinsi ujumbe wa kweli unavyokataliwa ukiletwa na mtu asiyeaminiwa. Mtu aliyefika na gari kubwa na walinzi wenye bunduki hakusikilizwa. Mama jirani, mwendesha pikipiki wa mtaa, au mtu aliyepona ugonjwa, alisikilizwa.

Habari za hali ya hewa ni vivyo hivyo. Zikielezwa vibaya huleta hofu, au huleta ugomvi kati ya wenyeji na waliohama. Zikielezwa vizuri huokoa maisha.

Tutenganishe mambo yanayochanganywa

Katika mikutano yetu watu huweka mambo matatu katika kapu moja: volkano, mazuku, na mvua iliyobadilika. Kiongozi anayetaka kueleweka aanze kwa kuyatenganisha.

*Volkano.* Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Moto wake unatoka chini ya ardhi. Hauletwi na mabadiliko ya hali ya hewa, na kupanda miti hakuwezi kuuzuia. Kwa volkano tunafuata matangazo ya kituo cha OVG cha Goma na rangi za tahadhari: kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu.

*Mazuku.* Hii ni hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni. Ni gesi ya kaboni, ile ile inayolipasha joto anga la dunia. Kwa sababu hiyo watu huuliza: "Basi ni volkano zetu zinazoharibu hali ya hewa?" Jibu ni hapana. Gesi ya kaboni inayotoka katika volkano zote za dunia kwa mwaka haifiki hata asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu.

*Mvua iliyobadilika.* Kwa zaidi ya miaka 150, viwanda, magari na mitambo ya umeme, hasa katika nchi tajiri, vimechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Moshi wake umeifunika dunia kama blanketi, na joto linapungua kutoka. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote iliyopimwa. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi: kila nyuzi moja inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Tunawaambia watu wafikirie ndoo. Ndoo kubwa hukawia kujaa, lakini siku ikimwagika humwaga maji mengi. Ndiyo maana jua linaweza kukawia na mvua ikaja kwa kishindo, mambo mawili yanayoonekana kama yanapingana.

Neno mazuku lenyewe linatufundisha jambo. Hakuna mtu wa Goma anayehitaji semina ili aelewe mazuku. Neno ni letu, hatari inaonekana (ndege na mbuzi waliokufa shimoni), na shauri ni fupi: mtoto asicheze bondeni asubuhi, mtu asilale chini mahali pale. Tunapozungumza juu ya mvua, tutafute maneno ya namna hiyo. "Mvua imebadilika" linaeleweka kuliko "tabianchi".

Kalehe, Mei 2023: kusema kweli yote

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Kalehe, ng'ambo ya mpaka wetu na Kivu ya Kusini. Mito ilifurika, ikashuka na mawe na matope hadi vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, na watu walikuwa wengi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Siku mbili kabla, mvua za majira yale yale ziliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda.

Wengi wetu tulikuwa na ndugu au marafiki huko. Baada ya msiba tulisikia maelezo mengi. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema ni wakata miti. Wengine, pamoja na watu wa mashirika, walisema mara moja: "Ni mabadiliko ya hali ya hewa."

Mwezi Juni 2023 kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilitoa ripoti juu ya mafuriko yale. Walisema hawawezi kupima mabadiliko ya hali ya hewa yamechangia kiasi gani, kwa sababu takwimu za mvua za eneo la Ziwa Kivu ni chache mno. Wataalamu walikubali mbele ya dunia nzima kwamba hawana jibu kamili. Kiongozi wa kijiji naye asione aibu kufanya hivyo. Anaweza kusema: "Joto la dunia linaongeza mvua kali, hilo linajulikana. Kwa mafuriko haya hasa, vipimo havitoshi. Lakini tunajua nyumba zilijengwa karibu na mto, tunajua mlima ulikuwa umepungua miti, na tunajua hakuna aliyepiga kengele. Hayo matatu yako mikononi mwetu."

Mtu akisema "ni Mungu", tusimdhihaki. Mchungaji mmoja alitusaidia sana alipowaambia waumini wake: "Mvua ni ya Mungu. Lakini kumwonya jirani ni wajibu wangu." Tangu siku hiyo hatuanzi kampeni yoyote bila kukaa kwanza na viongozi wa dini.

Tusitafute wa kulaumu

Hapa ndipo maneno yanapoweza kuvunja amani. Mji wa Goma unapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo hutoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Biashara hiyo imelisha makundi yenye silaha, na walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka mingi ya vita. Haya ni kweli. Lakini tukisimama mbele ya watu na kusema "waliohama ndio wanaomaliza msitu", tumewasha moto mwingine. Mwenyeji atamtazama aliyehama kama mwizi wa mvua yake.

Mama mmoja alituambia mbele ya mkutano: "Mnasema tuache makala. Maharagi yanapikwa na maneno?" Hatukuwa na jibu. Sasa hatutaji makala bila kuja na kitu mkononi: mbabula inayotumia makala kidogo, namna ya kuloweka maharagi usiku ili yaive upesi, au miche ya miti inayokua haraka kwa kuni. Na tunasema wazi kwamba mchango wa Kongo katika moshi uliopasha dunia joto ni mdogo sana. Mama mwenye mfuko mmoja wa makala si mshtakiwa.

Tusiifanye hali ya hewa kuwa kisingizio pia. Familia hizi hazikukimbia mvua. Zilikimbia risasi na mabomu. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Goma, na katika wiki zilizofuata makambi makubwa kama Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya yaliachwa. Familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, nyingine zilikaa kwa ndugu au kwa wenyeji. Mtu aliyerudi na kukuta shamba lake linalimwa na mwingine, kisha mvua ya Septemba ikachelewa, ana majeraha mawili. Tukimwambia juu ya mvua tu, atajua hatumwoni.

Ujumbe mzuri una sehemu nne

Kila onyo lijibu maswali haya: Nini kinakuja? Lini? Kinamhusu nani? Afanye nini?

Ujumbe dhaifu: "Kutakuwa na mvua kubwa, watu wawe waangalifu."

Ujumbe wenye msaada: "Wiki hii mvua kubwa inatarajiwa milimani. Ninyi mnaokaa karibu na mto: mkiona maji yamepungua ghafla wakati mvua inanyesha, au yamekuwa matope yenye miti, msingoje. Pandeni juu, pembeni ya bonde. Msikimbie kufuata mto. Wachukueni watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Vitu viacheni."

Kwa wanaokaa juu ya mawe ya volkano, ambako choo hakichimbiki kwa kina, ongezeni neno juu ya kipindupindu: baada ya mvua kubwa, maji ya ziwa yasinywewe bila kutiwa dawa au kuchemshwa.

Mashauri kwa viongozi

1. *Anzeni kwa kusikiliza.* Waulizeni wazee: zamani maharagi ya msimu wa Septemba mlipanda lini? Na sasa? Wao wenyewe watawaeleza mvua ilivyobadilika, na mkutano utakuwa wao.
2. *Tumieni lugha ya nyumbani.* Kiswahili cha Goma kinatosha kwa wengi. Kwa wazee tafuteni mtu wa kueleza kwa Kihunde, Kinyarwanda au Kinande. Msiache lugha moja tu itawale mkutano.
3. *Chagueni mdomo unaoaminiwa.* Mara nyingi si mtu wa shirika. Akina mama kisimani na vijana wa chukudu hufikisha habari mbali kuliko kipaza sauti.
4. *Rudieni ujumbe ule ule kila mahali.* Kanisa, msikiti, shule na redio vikisema mambo tofauti, watu watachagua uvumi. Redio Okapi, ambayo imekuwa hewani tangu mwaka 2002, na redio za jamii husikika hata mahali ambapo sisi hatufiki.
5. *Msitishe bila kuonyesha njia.* Hofu isiyo na njia ya kutokea humfanya mtu akae, au akimbie ovyo.
6. *Wawekeni wenyeji na waliohama katika kamati moja.* Mto haumuulizi mtu ametoka wapi. Kamati ya onyo yenye watu wa pande zote huwa pia mahali pa kumaliza maneno ya shamba na maji.
7. *Rudini.* Mkiahidi habari Jumatano, fikeni Jumatano, hata kama mnakuja kusema kwamba bado hamjui.

Kipima mvua cha kijiji

Kazi moja ndogo tunaipenda kwa sababu inaunganisha watu. Chukueni chombo cha uwazi chenye kuta zilizonyooka na chini bapa, kiwekeni mahali pasipo miti wala paa, na kila asubuhi saa moja mtu mmoja apime kwa rula milimita za maji, aandike katika daftari, kisha amwage. Wiki hii apime mwanafunzi mwenyeji, wiki ijayo mwanafunzi aliyehama. Baada ya misimu kadhaa kijiji kitakuwa na kumbukumbu zake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Daftari nalo litasema mvua ilikuwa kiasi gani, na hakuna atakayebishana nalo kwa kelele.

Yule mama aliyeuliza juu ya Tabianchi alikuja kuwa mmoja wa watoa habari hodari katika bloku yake. Hakutumia bango hata moja. Alikuwa anapita hema kwa hema kabla ya mvua, akisema: "Chimbeni mfereji leo, kesho mtalala pakavu." Na watu walichimba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika eneo letu, watu humwamini nani zaidi anapotoa onyo? Kwa nini?
- Ni uvumi gani tuliousikia wakati wa msiba uliopita? Ulianzia wapi, na nani angeweza kuuzima?
- Je, tuna maneno yanayomlaumu jirani tunapozungumza juu ya miti, makala au maji? Tuseme nini badala yake?
- Mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, nani atapiga kengele, na tutapandia wapi?