Stebilaiza ya Mbele ya Pikapu: Faida na Gharama ya Kuiondoa

Miongoni mwa mabadiliko ambayo madereva wa njia za porini huyafanya kwenye pikapu zao, kuondoa stebilaiza ya mbele ndiko kunakogharimu fedha kidogo zaidi, kwa kuwa hakuhitaji kipuri kipya bali spana chache na fundi mwangalifu. Wepesi huo ndio unaolifanya jambo hili listahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu chuma kinachotolewa ni sehemu ya mfumo unaosaidia kuamua kama gari litashika barabara kwenye kona au litapinduka pamoja na watu waliomo.

Stebilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa kwa umbo la herufi U. Sehemu yake ya katikati hukaa ndani ya bushi mbili za mpira zilizofungwa kwenye chesisi au kwenye ekseli, kutegemea muundo wa gari, na ncha zake huunganishwa kwa linki fupi, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Magurudumu mawili ya mbele yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kuzuia chochote. Lakini gurudumu moja likipanda na jingine likabaki chini, fimbo hujisokota kama nguo inayokamuliwa na, kwa kuwa chuma hicho hutaka kurudi kwenye umbo lake, hupunguza tofauti ya kimo baina ya magurudumu hayo. Hataza ya kwanza ya kifaa hiki alipewa Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, mwaka 1919. Unene wa fimbo una uzito mkubwa katika hesabu ya ukakamavu wake, kiasi kwamba fimbo ya milimita 30 isiyo na uwazi ndani huwa kakamavu takriban mara mbili ya ile ya milimita 25 yenye umbo lilelile.

Kwenye lami faida yake ni dhahiri. Gari linapokata kona, uzito huhamia upande wa nje, springi za upande huo hubonyea na bodi hulala. Stebilaiza hupinga mlalo huo, na ndiyo maana dereva anayemkwepa ghafla ng'ombe au mwendesha bodaboda huweza kuurudisha usukani kabla gari halijaanza kuyumba.

Porini, sifa hiyohiyo hugeuka kikwazo. Pikapu inapovuka korongo kwa mshazari, gurudumu moja hupandishwa na mwamba huku la pili likitakiwa kushuka shimoni, lakini fimbo hulizuia hilo la pili lisishuke na kuliacha likining'inia. Difu ya kawaida, yaani mfumo wa gia unaogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, huyapa magurudumu yote mawili msukumo sawa, na kwa kuwa gurudumu lililo hewani halihitaji msukumo wowote wa maana ili lizunguke, lile lililo ardhini nalo hupata kidogo mno, hivyo gari hukwama. Fimbo ikiondolewa, gurudumu hushuka zaidi na kuigusa ardhi. Manufaa hayo huonekana zaidi kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Toyota Land Cruiser 79, kuliko kwenye Hilux za kisasa, ambazo kila gurudumu la mbele hubebwa na mikono yake yenyewe na mwendo wake huwekewa mpaka mapema na mikono hiyo pamoja na shokapu.

Kazi yenyewe huanzia mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari. Magurudumu ya mbele yote mawili yawe chini, au yote mawili yawe yameinuliwa kwa kimo kimoja juu ya stendi imara, kwa maana fimbo iliyosokotwa huweza kuruka na kumjeruhi fundi pindi linki inapofunguliwa; tena mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ngao ya chini ya injini ikiwa inaziba njia hutolewa kwanza, nati zilizoshika kutu hulowekwa kwa mafuta ya kulainisha, linki hufunguliwa pande zote mbili, kisha hufunguliwa vibano vya bushi na fimbo huchomolewa bila kuvuta mipira ya breki wala nyaya zilizo karibu na magurudumu. Kufungua linki ya upande mmoja tu na kuiacha fimbo ikining'inia ni hatari, kwani huweza kugonga tairi au kukata mpira wa breki. Kazi ikikamilika, mipira hiyo ikaguliwe magurudumu yakiwa yameshuka kabisa, ili ithibitike kuwa haivutiki.

Gharama huanza gari linaporudi barabarani. Bodi hulala zaidi, usukani huitika kwa kuchelewa, na sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kupinga mlalo huangukia ekseli ya nyuma, hivyo tairi za nyuma huweza kupoteza mshiko mapema na mkia wa gari ukateleza, hasa kwenye changarawe. Hatari huzidi pikapu inapobeba mzigo mrefu au abiria nyuma, kwa kuwa kitovu cha uzito hupanda. Watengenezaji wenyewe wamelitambua tatizo hili: Jeep Wrangler Rubicon ya mwaka 2007 ilikuwa na stebilaiza ya mbele inayoachanishwa kwa swichi gari likienda polepole, na kujiunga tena mwendo ukizidi takriban kilomita 29 kwa saa.

Mfano huo unatoa kanuni inayofaa hata kwa pikapu isiyo na swichi. Stebilaiza iondolewe kwa ajili ya safari ya polepole kwenye miamba na makorongo, na irudishwe, nati zikikazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, kabla ya kurudi kwenye mwendo wa barabara kuu. Pikapu inayoishi kwenye lami, au inayobeba watu kila siku, ibaki na stebilaiza yake, kwa kuwa hakuna korongo lenye thamani ya kulinganishwa na uhai wa abiria.