Nati ya Nissan kwa Probox? Usithubutu

Kutoka Garissa mjini hadi Dadaab ni kama kilomita 100. Kwenye barabara hiyo Probox haikosi, na mara nyingi imejaa: abiria, magunia, mitungi, mzigo mwingine juu. Sasa jiulize, ni nini kinachoshika gurudumu lisichomoke? Ni nati 4 tu. Na nati hizo zinashikwa na ile mistari inayozunguka bolti kama ngazi. Kamusi inaiita hesi, lakini ukifika gereji utasikia thredi.

Shida ni kwamba thredi zinafanana machoni tu.

Chukua nati ya Toyota na ya Nissan AD, uziweke kwa kiganja. Zote ni za bolti ya unene wa milimita 12. Zote zinafunguliwa na spana ile ile namba 21. Lakini kwa Toyota, kutoka jino moja la thredi hadi lingine ni milimita 1.5. Kwa Nissan ni milimita 1.25. Ndiyo maana kwenye pakiti utaona M12 x 1.5 au M12 x 1.25. M ni mfumo wa metriki, 12 ni unene wa bolti, na namba ya mwisho ni nafasi kati ya meno.

Robo milimita ni kitu gani? Ni kidogo sana, kwa hivyo nati ya Nissan itaanza kuingia kwa bolti ya Probox. Mzunguko wa kwanza, sawa. Wa pili, meno yameshapishana kwa nusu milimita, na hapo inakwama. Ndipo unaposikia, "Warya, hiyo ni ngumu kidogo, lete paipu." Paipu inavalishwa spana iwe ndefu, nguvu inaongezwa, nati inalia, inaingia.

Wewe unaona imekaza. Ukweli ni kwamba imekaza thredi, haijakaza rimu. Meno ya bolti yamenyolewa, na chuma kilichobaki ndicho kinachobeba familia ya watu kwenye mashimo na vumbi. Gari likitingishika vya kutosha, nati inalegea, nyingine zinabeba mzigo wake, nazo zinaanza kuchoka. Nati ni pesa kidogo. Gurudumu likitoka mbio zikiwa 80 kwa saa, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Mbona basi dunia isitumie thredi moja? Imejaribu. Mwaka wa 1841, Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa viwanda vyote, meno yakiwa na pembe ya digrii 55. Mwaka wa 1864 Mmarekani William Sellers akaja na yake, digrii 60. Vita vya Pili vya Dunia vikawakuta washirika hao na bolti zisizoingiliana, na ilipofika Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kipimo kimoja cha inchi. Metriki ya leo nayo hutumia digrii 60.

Whitworth lakini hakuondoka. Ingia duka la hadiwea Garissa uitishe paipu ya maji: utaambiwa nusu inchi, robo tatu, inchi moja. Thredi zake ni za ukoo wa Whitworth, digrii 55 mpaka leo. Na usidanganywe na jina: thredi ya paipu ya "nusu inchi" ina upana wa karibu milimita 21 kwa nje, ilhali nusu inchi ni milimita 12.7 tu. Ukienda dukani na rula peke yake utarudi na kitu kisichoingia. Beba kipande chenyewe. Mahali ambapo maji ni ya kununua, kiungo kinachovuja ni pesa inayomwagika mchangani.

Kwa gari, huhitaji diploma ya umakanika. Weka rula kwenye bolti uhesabu nafasi za meno ndani ya milimita 15. Ukipata 10, ni 1.5. Ukipata 12, ni 1.25. Huna rula? Laza bolti mbili jino kwa jino uziinue kwenye jua. Mwanga ukipenya katikati, hizo si ndugu.

Na ukiwa gereji, weka sheria moja: nati ianzishwe kwa vidole kwanza. Nati sahihi, kwenye bolti safi, huingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila kuombwa. Ikikataa, fundi asichukue spana. Mwambie aitoe, aangalie, atafute inayofaa. Atanuna kidogo, lakini wewe ndiye unayeenda Dadaab.