Kitambulisho Hakikomazi Moyo

Hapa Garsen kijana akishapata kitambulisho, wengi wetu huona kazi ya malezi imekwisha. "Ushakuwa mtu mzima," tunamwambia, na kuanzia siku hiyo hasira zake na huzuni zake ni shauri yake. Sheria nayo inasema miaka 18 ni utu uzima. Lakini moyo haufuati tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mwaka 2000 profesa wa saikolojia kutoka Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika makala iliyobadilisha namna wataalamu wanavyoutazama umri huu. Alisema kati ya miaka 18 na 25 kuna hatua ya pekee, ambapo mtu si mtoto tena na utu uzima hajaufikia. Alipowauliza vijana wa kwao kama wanajiona watu wazima, wengi walijibu kuwa kwa mambo mengine ndiyo, kwa mengine bado. Na walipoulizwa utu uzima ni nini, hawakutanguliza ndoa wala kumaliza shule. Walitaja kuwajibika kwa matendo yao, kujiamulia, na kujitegemea kwa pesa.

Kihisia, huu ni umri wa misukosuko. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kijana ana nguvu za mtu mzima, lakini breki zake bado changa. Ndio kwanza anajifunza kuitambua hasira kabla haijamtawala, na kuistahimili aibu ya kukosa kazi.

Wapo watakaosema hayo ni ya watu wenye nafasi. Wana hoja. Arnett mwenyewe aliandika mwaka 2008 kwamba saikolojia ya Marekani imejengwa juu ya chini ya asilimia 5 ya watu wa dunia. Kwetu kuna binti wa miaka 19 mwenye watoto, na kijana wa umri huo anayelisha wadogo zake kwa bodaboda. Lakini kubebeshwa mzigo mapema si kukomaa mapema. Naona anayebeba zaidi ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumsikiliza.

Na hapa Tana River jambo hili lina uzito wake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Tana Delta yaliua zaidi ya watu 100. Kijiji cha Riketa peke yake kilipoteza zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Waliokimbia wakati ule wakiwa na miaka 6 au 10, Wapokomo kwa Waorma, ndio vijana wetu wa leo. Wengi wao wamehamishwa tena na mafuriko ya 2018 na 2024. Na mwaka 2027 ni wa uchaguzi. Mwanasiasa anayetafuta watu wa kutumwa anawajua vizuri wenye nguvu nyingi na breki changa.

Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ninachokisoma mimi ni kwamba samaki wa miaka 20 hajakauka bado. Wazee wa gasa na wenzao wa upande wa Waorma wakae na vijana kabla ya fujo, si baada yake tu. Mzazi, muulize mwanao anavyojisikia, kisha nyamaza umsikilize. Ukiona halali, amejitenga, au muguka ndio umekuwa chakula chake, usimwite mvivu. Mpeleke hospitali akaonane na mshauri. Msalaba Mwekundu wa Kenya pia wana simu ya bure, 1199.

Kitambulisho kinampa kijana kura. Kujua kuizuia hasira yake, hilo bado anajifunza kwetu.