Mche umeungua na mbolea? Usiutupe

Wadau, miezi miwili iliyopita niliweka urea kwenye miche yangu 12 ya parachichi pale nje ya duka, nikitaka ikue haraka niiuze. Siku chache tu, kingo za majani zikawa kama zimebabuliwa na moto. Mbolea ikizidi huvuta maji kutoka kwenye mizizi, mche unakauka hata udongo ukiwa umelowa.

Nilikwangua mbolea iliyobaki juu, nikamwagilia maji mengi taratibu hadi yakatokea chini ya viriba. Kesho yake nikarudia. Nikaihamishia kivulini, mbolea sikugusa tena.

Miche 9 imechipua, 3 imekufa. Hasara yangu. Hiyo 9 siiuzi mpaka majani mapya yakomae. Mteja akipanda ukafa, harudi tena.