Pata intaneti isiyo na waya bila kung'oa nyaya zilizopo

SI wachache waliotandaza nyaya za mtandao nyumbani mwao miaka iliyopita, tarakilishi moja sebuleni na nyingine chumbani mwa watoto, ambao leo wana simu na vipakatalishi visivyo na hata tundu la kuchomekea waya huo. Baadhi yao huambiwa na mafundi wang'oe kila kitu na kununua mitambo mipya. Ushauri huo aghalabu humfaidi fundi.

Ukweli ni kwamba waya uliopo ndio msingi bora wa mtandao usio na waya. Kinachohitajika ni kifaa kimoja cha kurusha mawimbi, nacho huchomekwa mwishoni mwa waya huo. Hata ruta kuukuu iliyosahaulika kabatini yaweza kuifanya kazi hiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ruta hugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga nayo, kazi inayoitwa DHCP. Ruta mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, huwa kama makarani wawili wanaouza tikiti za basi moja bila kushauriana: vifaa viwili hupewa anwani ile ile, au kimoja hupewa njia isiyofika kwenye intaneti. Mwandishi wa makala haya alipoteza Jumamosi nzima akiilaumu kampuni ya intaneti, kumbe kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kuitia ruta ya pili mtandaoni, iunganishe peke yake na tarakilishi kwa waya. Ingia katika ukurasa wake wa mipangilio na ubadilishe nywila ya msimamizi iliyotoka nayo kiwandani. Kisha ipe anwani: ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, mradi nambari hiyo haimo miongoni mwa zile zinazogawanywa na ruta kuu. Mwishowe zima DHCP. Ndipo uchomeke waya wa nyumba katika tundu la kawaida, wala si lile lililotengewa intaneti. Ruta nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuyafanya haya zenyewe.

Kuhusu mahali, iweke juu, mbali na friji na tanuri la maikrowevu. Masafa ya gigahezi 5 huenda kasi lakini hudhoofishwa upesi na kuta. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila hugombaniwa na majirani. Katika masafa hayo ya pili, chagua mkondo wa 1, 6 au 11, kwani hiyo haiingiliani. Aishiye Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kuta nene za matumbawe, huenda akahitaji vifaa viwili.

Aidha, waya hulindwa na mlango wa nyumba, ilhali mawimbi hufika hadi barabarani. Usitumie kamwe kinga ya WEP, ambayo udhaifu wake ulifichuliwa na wataalamu mwaka 2001. Chagua WPA2 au, kifaa kikiruhusu, WPA3 iliyotangazwa 2018, pamoja na nywila ndefu isiyo jina la mtoto wala nambari ya simu. Jirani anayejiunga bila idhini hali data yako tu. Aweza pia kuzifikia faili ulizoziacha wazi.

Tarakilishi ya mezani nayo ibaki kwenye waya wake. Itakuwa na kasi thabiti zaidi, na itawaachia wenye simu nafasi hewani.